MSIPANGE KAMA WALIVYOPANGA WATU WA KARANGA

(Maneno waliyoambiwa viongozi wa vijana wa Kikristo wa Nachingwea na Ruangwa walipokutana kupanga kazi zao za pamoja)



Tumeona namna mlivyokuja. Wengine wametoka Kilimarondo na Mnero, wengine Mbekenyera na Nandagala, na wako waliolala njiani. Mtu hasafiri hivyo kwa ajili ya chai na picha. Amesafiri kwa sababu anataka kurudi kwao na neno la maana.

Sisi tunaosema nanyi si wageni. Tulikuwa vijana kabla yenu, tukakaa katika mikutano kama huu, tukaandika mipango mizuri kama hii mtakayoandika. Kwa hiyo hatukuja kuwafundisha kusali. Kazi hiyo ina wenyewe. Tumekuja kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni kupanga.

Ndugu zetu, hapa Nachingwea iko kata iitwayo Stesheni. Mtoto akiuliza treni iko wapi, hatuna la kumwonyesha. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu kutazama nchi yetu kama yafaa kulimwa karanga. Walizunguka kwa wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka katika ndege. Kisha wakaandika kwamba zingelimwa zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zake katika nchi yetu. Kazi ikaanza mwaka 1947, na mashamba yakawa Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Matingatinga yakaletwa, msitu ukafyekwa, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa mpaka hapa. Januari 1951 Serikali ile ile ikatangaza kwamba mpango umekwisha. Paundi milioni 36 zilikuwa zimepotea. Treni nayo haikupata mzigo wa kutosha, na mwaka 1962 reli ikafungwa. Limebaki jina la stesheni.

Kwa nini ulishindwa? Fedha zilikuwako. Mashine zilikuwako. Wataalamu walikuwako. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwanza. Hawakuwauliza wazee wa Kimwera ni udongo gani unaokuwa mgumu kama tofali jua likiwaka, wala mvua za huku hukatika mwezi gani. Walipanga kwanza, wakaja kuona baadaye.

Lakini Nachingwea hii hii iliona jambo jingine. Kuanzia mwaka 1965 wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao hapa, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Samora Machel. Vijana wale hawakuwa na paundi milioni 36. Walifunzwa vita, wakafunzwa kusoma na kuandika, na jembe walishika wenyewe kupata chakula chao. Mwaka 1975 Msumbiji ilipata uhuru. Nchi ni moja, lakini mipango ilikuwa miwili. Mmoja uliletwa na watu wasioijua nchi, na mwingine ulibebwa na wenye shida yao wenyewe.

Sasa tusiwacheke Waingereza peke yao. Sisi nasi tuna aibu yetu. Miaka ya nyuma, katika kundi letu la vijana, tulilima shamba la mihogo la pamoja ili tupate mfuko wa kuwasaidia wagonjwa. Siku ya kufyeka walikuja wote, na ngoma ikapigwa. Siku ya kupanda ikaja nusu. Palizi ya kwanza walikuja watu saba. Palizi ya pili hakuja mtu. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda. Nguruwe wakavuna, na sisi tukaandika katika taarifa ya mwaka kwamba kazi inaendelea vema. Taarifa ile ilikuwa uongo, na sote tulijua. Tokea siku hiyo, kijana akiambiwa kuna shamba la pamoja, hucheka.

Ndugu viongozi, mnajua mwanzo wa mwendo huu wa vijana Wakristo wafanyakazi, ambao kwetu Wakatoliki twauita VIWAWA. Aliyeuanzisha alikuwa padre wa Ubelgiji, Joseph Cardijn, aliyezaliwa mwaka 1882 katika nyumba ya watu wa kazi. Yeye alipelekwa shule, na wenzake wa utoto wakapelekwa viwandani. Aliporudi likizo, akawakuta wamechoka, wamekwisha liacha kanisa, na yeye wanamwona kama mtu wa upande wa matajiri. Hakuwakasirikia. Alijiuliza kwa nini. Baba yake naye alikufa mwaka 1903, amechakazwa na kazi. Mwaka 1925 chama chake kikasimama, na njia aliyowafundisha vijana ina maneno matatu ambayo ninyi mnayajua: ona, amua, tenda. Mwaka 1961 Papa Yohane wa 23 aliitaja njia hiyo katika barua yake kwa Kanisa lote.

Tazameni mpangilio wake. Kuona kumetangulia. Nasi twaona kwamba mikutano yetu mingi huanza na neno la tatu. Twaingia, twafungua kwa sala, na mara mtu asema: tutende. Tufuge kuku. Tununue fulana. Tufanye tamasha. Hakuna aliyeuliza watu wana taabu gani.

Basi leo twawaomba mtazame jambo moja, kwa sababu liko Ruangwa na liko Nachingwea, na liko katika nyumba za Wakristo na za Waislamu sawasawa. Jambo hilo ni kangomba.

Hapana haja ya kuwaeleza korosho. Mnajua salfa ya mwezi wa sita na wa saba, mnajua ubwiriunga, mnajua kuokota kuanzia mwezi wa tisa na wa kumi. Mnajua pia kwamba tangu mwaka 2007 kuna stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho zake chama cha msingi, zikapimwa kwa mizani, zikaenda ghalani, zikauzwa mnadani chini ya chama kikuu chetu cha RUNALI, yaani Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na fedha zikaja kwa jina lake. Njia hiyo ina kasoro zake, na wakulima wamezisema. Lakini walau ina mizani na ina karatasi.

Kangomba haina mizani wala karatasi. Yaja mwezi wa pili, ghala la mahindi limekwisha, mahindi mapya bado mabichi, mtoto ana homa, na ada ya mkubwa yatakiwa. Anakuja kijana mwenye pikipiki na unga na fedha kidogo. Anasema: Mama, chukua, utanilipa korosho zikianguka. Mama anachukua. Korosho zikianguka, kijana yule anarudi na bakuli lake, anapima kwa bakuli, analijaza mpaka linamwagika, na msimu wote wa mama umekwisha kabla ya mnada wa kwanza. Mwezi wa pili ukija tena, ghala li tupu, na kijana yule anapiga honi mlangoni.

Mwaka 2018 wakulima walikataa bei ya minadani, na mwezi wa kumi na moja Serikali ikasema itanunua korosho zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ikafuata kazi ya kuhakiki nani ana shamba na nani ana kangomba tu. Malipo yalichelewa kwa wengi. Lakini twajiuliza: yule mama aliyekwisha uza kwa bakuli, bei ile ya 3,300 ilimfaa nini? Yeye hakuwa na hata kilo moja ya kupeleka. Bei ikipanda au ikishuka, kwake ni mamoja.

Sasa tunafika mahali pagumu, na twaomba msinung'unike. Kijana mwenye pikipiki ni nani? Hakutoka nchi za nje. Ni kijana wa huku huku. Pengine ni mwanakwaya. Pengine ni kiongozi, na yuko humu ndani. Hatutataja jina la mtu, wala hatuyajui yote. Lakini twajua kwamba kijana asiye na shamba, asiye na kazi, akiona mwenziwe amejenga kwa kangomba, naye hutamani. Mkipanga kazi za pamoja na jambo hili mkaliacha nje ya mlango kwa kuwa linauma, basi mpango wenu utakuwa kama wa karanga. Utakuwa mzuri katika karatasi, na udongo haukutazamwa.

Tufanye nini? Sisi twaleta shauri, ninyi mna hiari ya kulikubali au kulikataa.

Kwanza, kuona. Kila tawi litembelee nyumba za kitongoji chake, ziwe za Wakristo au za wengine. Waulize: chakula chenu huisha mwezi gani? Mwaka jana mliuza korosho zikiwa bado mtini? Kwa sababu gani? Msiandike majina. Andikeni hesabu tu, maana mtu mwenye shida ana heshima yake.

Pili, kuamua. Tukutane tena tukiwa na hesabu hizo. Kama zitaonyesha kwamba watu wanauza kwa ugonjwa zaidi kuliko kwa njaa, tujadili ugonjwa. Tusing'ang'anie shauri la leo.

Tatu, kutenda, na kazi iwe moja. Sisi twafikiri kazi hiyo ni ghala dogo la mahindi katika kila tawi. Mahindi yakivunwa na bei ikiwa chini, kila mwanachama alete debe moja. Yaanikwe vema na kuwekwa katika mifuko isiyopitisha hewa, kwa sababu dumuzi hasamehe. Mwezi wa kwanza na wa pili, nyumba yenye shida ikopeshwe. Na sharti liwe hili: deni la mahindi hulipwa kwa mahindi. Halilipwi kwa korosho hata siku moja. Siku tutakayopokea korosho kwa deni la unga, nasi tutakuwa tumenunua bakuli letu.

Mtu atasema debe moja ni kitu gani mbele ya wenye fedha? Twajibu kwamba kangomba haishindi kwa nguvu. Inashinda kwa kuwahi. Inafika siku ambayo hakuna mwingine aliyefika. Nasi tukifika siku hiyo hiyo, hata na debe moja, mama yule atakuwa na neno la kumjibu kijana wa pikipiki.

Na vijana wa pikipiki wenyewe tusiwafukuze. Tuwaite. Mahindi yanahitaji kuchukuliwa, korosho zinahitaji kupelekwa chama cha msingi, mashamba ya wazee yanahitaji kupuliziwa dawa. Hiyo ni kazi ya mshahara halali. Tukimhukumu kijana bila kumwonyesha njia nyingine, tumefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Sasa juu ya neno la pamoja. Wilaya mbili zitafanyaje kazi pamoja, na nauli hakuna? Msitafute mikutano mingi. Fanyeni hivi: daftari la ghala la Nachingwea likaguliwe na watu wa Ruangwa, na daftari la Ruangwa likaguliwe na watu wa Nachingwea, mara mbili kwa mwaka. Ndugu hukagua ndugu kwa haya, lakini mtu wa wilaya ya pili huhesabu magunia kwa vidole. Na kama ghala moja limekwisha na jingine lina akiba, wakopeshane. Huo ndio ushirika. Na mkishindwa, andikeni kwamba mmeshindwa. Sisi tuliandika uongo juu ya mihogo, na uongo ule uliua mashamba mengi ambayo hayakulimwa.

Neno la mwisho. Wako watakaouliza, ghala la vijana Wakristo litawasaidiaje Waislamu, nao ndio majirani zetu wengi? Twajibu: njaa haiulizi mtu anasali siku gani. Wekeni katika kamati ya kila ghala vijana Waislamu wa kitongoji, wenye sauti sawa na yenu, na ufunguo mmoja wakae nao. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkristo mwenye kusali kila siku, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisilosimama upande wa maskini kupinga mambo yanayowafanya wawe maskini litakosa maana kwa watu. Wala hakusema maskini wa dini gani. Chama cha siasa hakina dini, lakini wanachama wake wanazo, na dini ya mtu huonekana katika namna anavyokaa na jirani yake.

Ndugu viongozi, mtakula chakula cha mchana, mtaingia katika vikundi, na jioni mtatuletea mpango. Tutausoma kwa furaha. Lakini hatutauuliza una kurasa ngapi. Tutauliza neno moja tu: nani atakwenda palizi ya pili?