Leseni ya Muuguzi

Msikilizaji, tutulie kwenye mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Anayefeli ana cheti cha chuo mkononi, lakini kisheria haruhusiwi kumhudumia mgonjwa. Kwako wewe wa wilaya kama Sikonge au Urambo, hilo linakuhusu vipi? Mama anashikwa na uchungu usiku, na zamu nzima ina muuguzi mmoja, huku waliofeli wakiwa hawaruhusiwi kumsaidia.

Baraza lina hoja, tena nzito: dozi ya oksitosini ikizidi, kizazi kinaweza kupasuka. Kwa upande mwingine, mwanafunzi aliyejifunza kuzalisha kwa kuchungulia mabegani mwa wenzake wodini, akifeli tumlaumu peke yake? Mimi nasema hapana.

Sasa, chuo kinachofelisha mwaka baada ya mwaka kiendelee kudahili?