Akiba ya Pumzi: Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye Mkutano wa Mwaka



Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani kwetu Kagera, kule Bukoba Vijijini. Wagonjwa walikuwa 9, tukazika 6. Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 10, na wote walifariki.

Katikati ya milipuko hiyo miwili, majirani zetu wa Rwanda walipata wagonjwa 66 mwishoni mwa 2024, wengi wao wahudumu wa afya. Walifariki 15. Wawili kati ya waliopona walikuwa wamefikia kuwekewa mashine ya kupumulia. Marburg haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa. Rwanda walitumia dawa za majaribio, lakini pia waliwagundua wagonjwa mapema na walikuwa na huduma ya wagonjwa mahututi.

Sisi watu wa mahesabu tukajiuliza: hospitali ya wilaya yenye vitanda vichache vya mahututi inaongezaje vingine ndani ya siku mbili? Kitanda chenyewe si tatizo. Mgonjwa anayetumia lita 10 za oksijeni kwa dakika anamaliza lita 600 kwa saa. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 unamtosha saa 11 tu. Wakilazwa watano, inahitajika mitungi 11 kila siku. Na kila mmoja anahitaji muuguzi wa karibu, mchana na usiku.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba michango kwa mambo manne, kwa mpangilio huu:

1. Mafunzo ya wauguzi wa wodi za kawaida, ili mlipuko ukitokea wasaidie chini ya usimamizi wa wenye uzoefu.
2. Mitungi ya akiba, pamoja na mabomba ya oksijeni kwenye wodi moja inayoweza kutengwa na kugeuzwa ya mahututi.
3. Vifaa kinga vya kutosha wiki za mwanzo. Muuguzi akiugua, tumepoteza mhudumu na tumeongeza mgonjwa.
4. Fungu la kila mwaka la mafuta ya jenereta na matengenezo ya mashine.

Tunajua fungu la nne halina utepe wa kukata wala picha ya kupiga. Lakini mashine isiyo na fundi wala umeme ni mzigo wa stoo. Ndiyo maana tunaomba ahadi ndogo ya kila mwezi kuliko kiasi kikubwa cha siku moja. Mlipuko ukishatangazwa, fedha zitapatikana, ila muuguzi hafundishwi kwa usiku mmoja.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa Mweka Hazina. Kila robo mwaka tutawaletea taarifa ya mapato na matumizi, pamoja na stakabadhi.

Akiba haiozi, ndugu zetu.