KUHAMISHA BARUA PEPE ZA CHAMA: KIBAO KINAPOELEKEZA NYUMBA ILIYOHAMWA

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama)



Chama kinapoziondoa barua pepe zake katika seva ya zamani na kuzipeleka katika seva za mbali za kampuni kubwa, zile ziitwazo za wingu, siku ya kwanza aghalabu hupita salama. Taabu huanza siku ya pili. Katibu hufungua Outlook, akaandika anwani yake na neno lake la siri, na kompyuta ikamwomba neno lile tena na tena. Hudhani amesahau, akalibadili, akajaribu upya. Mara nyingi neno la siri halina kosa lolote. Kosa liko katika kibao cha njia.

Yafaa basi kueleza jinsi kompyuta itafutavyo njia. Tangu matoleo ya mwaka 2007, Outlook na seva za Exchange hutumia utaratibu uitwao Autodiscover. Mtumiaji hutaja anwani yake tu, na programu ndiyo huuliza sanduku lake liko katika seva gani. Kompyuta iliyounganishwa na mtandao wa ofisi wenye Active Directory huanza kwa kuuliza ndani ya ofisi. Ikikosa jibu, huuliza katika jina la chama lenyewe, yaani maneno yanayofuata alama ya @. Ikikosa tena, huuliza jina hilohilo likitanguliwa na neno autodiscover. Matoleo ya tangu mwaka 2016 yaweza pia kuuliza Microsoft moja kwa moja. Jambo kuu ni kwamba programu humsadiki wa kwanza anayejibu sawasawa, hata kama anayejibu ni nyumba iliyohamwa.

Kutokana na hayo, makosa ya kawaida ni matatu.

Kwanza, seva ya zamani ya ofisini ingali inajitangaza. Masanduku yamekwisha hama, lakini Active Directory bado inaelekeza huko. Dawa yake ni fundi kuifuta anwani ile katika Active Directory. Kuizima seva peke yake hakutoshi, kwani kibao hubaki kimesimama.

Pili, kampuni inayotunza tovuti ya chama hujibu isipotakiwa. Vyama vingi vilikuwa na tovuti na barua pepe mahali pamoja. Barua zikihama na tovuti ikibaki, seva ya tovuti huendelea kutoa maelekezo ya masanduku ya kale. Wakati mwingine huonekana pia onyo kwamba jina lililo katika cheti cha usalama halilingani na jina lililoulizwa. Onyo hilo lisipuuzwe. Kampuni ile itakiwe kuufunga utaratibu wake wa barua kwa jina la chama.

Tatu, orodha ya majina ya intaneti, iitwayo DNS, haijarekebishwa, au imerekebishwa lakini nakala za zamani zingali zinatumika. Kila rekodi ya DNS ina muda wa kuhifadhiwa unaohesabiwa kwa sekunde: 3,600 ni saa moja, 86,400 ni siku nzima. Fundi mwangalifu huupunguza muda huo hadi sekunde 300 siku kadhaa kabla ya kuhama.

Katibu aliyepatwa na taabu afuate mpango huu. Afungue kwanza barua zake kwa kivinjari, katika anwani rasmi ya mtoa huduma mpya. Zikifunguka, akaunti na neno la siri ni vizima, wala hakuna haja ya kulibadili. Kisha atazame umri wa programu. Microsoft ilianza tarehe 1 Oktoba 2022 kuufunga kabisa utaratibu wa kale wa kuingia kwa jina na neno la siri peke yake, na Outlook ya mwaka 2010 haiwezi utaratibu mpya. Programu ikiwa ya kufaa, fundi aangalie ni nani anayejibu. Katika Outlook ya zamani ya Windows, akishika kitufe cha Ctrl na kubofya kwa upande wa kulia wa kipanya alama ya Outlook iliyo karibu na saa, atapata kipimo kinachoonyesha kila anwani iliyoulizwa na jibu lililotolewa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya mafundi. La hasha. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya Guardicore walisajili majina ya intaneti yanayoanza na autodiscover chini ya miisho ya nchi mbalimbali, wakangoja. Kati ya tarehe 16 Aprili na 25 Agosti walipokea majina na maneno ya siri 372,072, kutoka kwa programu zilizokosa njia zikabisha hodi kwao. Hao walikuwa watafiti. Mwizi naye angeweza kufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo katibu asiandike neno lake la siri mbele ya kila dirisha linaloliomba, bali ajue kwanza ni nani aombaye.

Hali kadhalika, seva ya zamani isipoarifiwa kwamba chama kimehama, barua zinazotumwa na wateja wengine wa seva hiyohiyo huingia katika sanduku la kale bila mtumaji kupata taarifa yoyote. Ilani ya mkutano mkuu au hati ya malipo ya mazao yaweza kulala humo, na wanachama wakamlaumu katibu bure. Sanduku la zamani lisifutwe mpaka limekaguliwa kwa majuma kadhaa na kuonekana halipokei kitu.

Mwisho, kila chama kiandike katika daftari lake jina la chama la intaneti lilisajiliwa wapi, nani ana mamlaka ya kuibadili DNS, na mkataba wake unakwisha lini. Daftari hilo likae katika kabati la chama, lisiwe mali ya fundi.