Kidole Chenye Nidhamu

Mazungumzo mbele ya walimu, watumishi wa Serikali na wanamgambo, Tindiga, Wilaya ya Kilosa



Nimeombwa niseme machache juu ya kulenga shabaha. Huenda mnatazamia nisifu macho makali na mikono yenye nguvu. Mimi nitazungumzia kidole kimoja tu, kidole cha shahada, kwani ndicho kinachoamua kama risasi itafika inakopelekwa au itapotea.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitamka kwamba ulinzi wa Taifa ni kazi ya umma, wala si ya askari peke yao. Ndipo wakulima, wafanyakazi na walimu walipojipanga viwanjani kujifunza silaha. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, maelfu ya wanamgambo waliungana na JWTZ kumng'oa mvamizi.

Je, mwanafunzi wa shabaha hukosea wapi? Akishalenga, anajua kwamba bunduki italia na kumsukuma bega. Kwa hofu hiyo hufumba macho, hukaza bega na kukinyakua kifyatulio. Mtutu huyumba kabla risasi haijatoka. Hesabu yake ni rahisi. Ikiwa alama mbili za kulengea zimeachana nusu mita, ncha ya mbele ikiyumba milimita 1 tu, risasi hupotoka sentimita 20 kwenye shabaha iliyo mita 100. Kisha mwenyewe huilaumu bunduki!

Kifyatulio huguswa kwa nyama ya pingili ya kwanza. Kidole kikiingia mno, huuvuta mtutu pembeni. Mlengaji hutoa pumzi, na katika utulivu ule mfupi hukibana kifyatulio taratibu, moja kwa moja kuelekea nyuma, bila kuungoja mlio. Mlio ukishatoka, hana haraka ya kukiachia.

Haya yote hufundishwa kwanza bila risasi. Mkufunzi huhakikisha kwamba bunduki ni tupu, huweka sarafu juu ya mtutu, na mwanafunzi hufyatua. Sarafu ikianguka, anarudia. Ninyi walimu mnaijua kazi hii. Mtoto anayekandamiza penseli hadi ikavunjika hapewi penseli kumi zaidi. Hufundishwa kulegeza mkono.

Lakini lipo somo kubwa kuliko hilo, nalo ni kidole kukaa nje. Mpaka shabaha itambulike na amri itolewe, kidole hunyooshwa ubavuni mwa bunduki, mbali na kifyatulio. Katika Wilaya hii somo hilo si nadharia. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 walipoteza maisha katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwanamgambo wa Tindiga si rahisi akutane na mvamizi wa kigeni. Atakutana na jirani mwenye ng'ombe na jirani mwenye shamba, wote wawili wamekasirika. Na yeye mwenyewe ni mkulima au mfugaji, ana upande wake moyoni. Siku hiyo umahiri wake hautapimwa kwa matundu ya karatasi. Utapimwa kwa kidole kilichobaki nje.

Kwa sababu hiyo, Ndugu Watumishi, mzigo huu hauwezi kuwa wa mwanamgambo peke yake. Jalada la mgogoro wa mipaka likilala mezani mwaka baada ya mwaka, tunamwachia kijana amalize kwa kidole kazi iliyopaswa kumalizwa kwa kalamu. Huko si kulinda umma; ni kuukimbia wajibu.

Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi ikishatoka haiitwi ikarudi. Silaha ni dhamana ya umma. Anayekabidhiwa afundishwe kwa subira, na sisi tunaomkabidhi tutimize kazi yetu mapema, ili asilazimike kuitumia.