Hoja ya Upinzani na Wajibu wa Karani

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tumeombwa tuseme habari za hoja za upinzani katika baraza la nchi yenye kujitawala kwa sehemu. Mfano hatuutafuti mbali. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1980, hutunga sheria kwa mambo yasiyo ya Muungano. Humo mjumbe wa upinzani aweza kuleta hoja binafsi: huipeleka kwa maandishi, huwekwa katika orodha ya shughuli, naye huisimamia mwenyewe, kisha hujadiliwa na kuamuliwa kwa kura.

Wengi wetu husema, “Yafaa nini? Upinzani hauna wingi wa kura. Hoja yake ni maneno matupu.” Basi na tuyatazame yaliyotokea.

Chaguzi za 1995, 2000 na 2005 ziliacha uhasama mkubwa Unguja na Pemba. Januari 2001 damu ilimwagika. Jirani na jirani waligomeana dukani, harusini, hata mazikoni. Walakini Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana wakapatana. Lakini mapatano ya watu wawili, wawe wakubwa namna gani, si sheria. Yalihitaji mlango wa kuingilia Barazani, na mlango huo ulikuwa hoja ya upinzani.

Mwishoni mwa Januari 2010, Mheshimiwa Abubakar Khamis Bakary, Kiongozi wa Upinzani, alitoa hoja ya kuundwa serikali ya umoja wa kitaifa. Wajumbe wa chama kinachotawala hawakuikataa kwa sababu imetoka upande wa pili, wala hawakuipokea vivyo hivyo. Waliirekebisha, wakataka wananchi waulizwe kwanza. Hoja ikapita kwa kauli moja. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura ya maoni, na 66.4 kwa mia wakasema ndiyo. Agosti Katiba ikarekebishwa. Na baada ya uchaguzi wa Oktoba, Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Rais Ali Mohamed Shein.

Hatusemi kwamba hoja moja iliponya kila jeraha. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF wakasusia ule wa marudio wa Machi 2016, na viti vyao Barazani vikapotea. Ndipo ilipoonekana thamani ya sauti ile: nyumba isiyo na wa kuuliza, mwenye nyumba hajui paa linavuja wapi mpaka mvua inyeshe.

Sasa tujitazame sisi. Hoja hupita mikononi mwa karani kabla ya kufika mbele ya wakubwa. Karani akiichelewesha, akiifupisha, au akiliacha neno kali kwa kuogopa, amepiga kura asiyopewa. Yatupasa kuiandika hoja ya mpinzani kwa wino ule ule tunaoandikia ya mkubwa.

Na tukubali kosa letu. Katika mkutano mkuu uliopita, ndugu mmoja alileta hoja juu ya akiba yetu ya mazishi. Alizimwa kwa makelele kabla hajamaliza kuisoma, na katika kumbukumbu hatukuandika neno. Huenda alikosea hesabu. Huenda tulikosea sisi. Hatutajua, maana hatukumsikiliza. Naye tangu siku ile hajahudhuria.

Kwa hiyo twaomba mambo mawili. Kwanza, hoja yake isomwe yote katika mkutano ujao, ijibiwe kwa hesabu, si kwa kelele. Pili, pawe na daftari la hoja, ambamo kila mwanachama ataandika, na Katibu hatakuwa na ruhusa ya kufuta. Atakayepinga maombi haya na asimame, tutamsikiliza.