Daktari Hujuaje Kwamba Umelala Kweli?

Mgonjwa akipewa nusukaputi, mara nyingi hupewa pia dawa ya kulegeza misuli. Hapo hawezi kuinua hata kidole. Je, daktari wa usingizi atajuaje kwamba amelala kweli?

Hufuatilia mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiwango cha gesi ya usingizi katika pumzi ya mgonjwa. Baadhi ya hospitali zina pia kifaa cha BIS, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1996. Utepe wenye vihisio hubandikwa kwenye paji la uso, ukasoma umeme wa ubongo, na skrini ikaonyesha namba kati ya 0 na 100. Aliye macho hukaribia 100. Wakati wa upasuaji hutakiwa iwe kati ya 40 na 60.

Hata hivyo, namba pekee haitoshi. Ketamini, dawa inayotumika sana katika hospitali zetu, huweza kuipandisha ilhali mgonjwa amelala fofofo. Kifaa hakichukui nafasi ya mtaalamu.

Kuzinduka katikati ya upasuaji ni nadra: uchunguzi wa Uingereza na Ireland wa mwaka 2014 ulikuta taarifa 1 kwa takriban wagonjwa 19,000. Lakini anayepatwa nako huweza kusumbuliwa kwa miaka.

Kwa hiyo, kabla ya upasuaji mweleze daktari wa usingizi dawa unazotumia, pombe unayokunywa, na kama uliwahi kuzinduka. Usimfiche, na usione haya kuuliza.