MVUA ISIYOLOWESHA NGUO



Sisi tukaao karibu na Ikweta twaijua mvua ya maji. Lakini katika nchi za kaskazini sana, kama Norwe na Kanada, iko mvua nyingine isiyolowesha nguo, nayo ndiyo nitakayowaeleza leo.

Jua hutoa daima upepo wa vijichembe vidogo mno vyenye umeme. Dunia yetu nayo ni kama sumaku kubwa, na sumaku hiyo huzuia vingi visitufikie. Wengi hudhani ya kuwa vijichembe hivyo huanguka moja kwa moja kutoka Juani, sivyo. Upepo ule ukizidi, nguvu za sumaku zilizo nyuma ya Dunia, upande wa usiku, huvutwa kama mpira wa manati, kisha huachiliwa ghafula. Hapo vijichembe viitwavyo elektroni husukumwa kwa mbio, vikafuata njia za sumaku na kunyesha hewani, kuizunguka ncha ya Dunia.

Kiasi cha maili 60 juu ya vichwa vya watu hugonga hewa. Oksijeni ikigongwa hutoa nuru ya kijani, na juu zaidi nuru nyekundu, ichezayo kama pazia dirishani. Bwana Kristian Birkeland wa Norwe (1867–1917) aliliigiza jambo hilo kwa tufe lenye sumaku ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Alipolirushia umeme, nuru ilitokea karibu na ncha zake.

Basi mtauliza, uzuri huo una hasara gani? Mvua hiyo huifanya hewa ya juu ipitishe umeme kama waya. Tarehe 13 Machi, 1989, kabla ya mapambazuko, mikondo mikubwa ya umeme ilipita angani juu ya Quebec, nchini Kanada. Umeme wa juu huamsha umeme ardhini. Na kwa kuwa miamba ya nchi ile haiupitishi vyema, ulikimbilia katika nyaya za watu. Kwa dakika moja na nusu hivi umeme ukazimika jimbo zima. Watu kiasi cha milioni 6 walikaa bila umeme saa 9 hivi, na baridi ya kule si ya mchezo!

Baadaye mafundi walitia vyombo vya kinga katika nyaya hizo. Siku hizi pia viko vyombo angani, karibu maili milioni 1 kutoka hapa upande wa Jua, vinavyouonja upepo ule na kuleta habari. Lakini dhoruba ikiwa kali, mafundi hupata muda usiofika saa moja kujiweka tayari.